Shajara ya mradi: kuona hatua tatu mbele kwenye sataranji

Lengo

Nataka nifike mahali ambapo, nikiwa mbele ya ubao wa sataranji, naweza kufuata hatua zangu tatu na majibu matatu ya mwenzangu bila kugusa kete, kisha nitaje kila kete imesimama wapi. Sitafuti zaidi ya hapo kwa sasa. Naandika shajara hii kwa ajili ya yeyote anayetaka kupita njia hii, aone nilichofanya, kilichozaa na nilichokiacha.

Hatua tatu na majibu matatu zinasikika chache, lakini hesabu yake inatisha. Nyeupe anapoanza ana hatua 20 za kuchagua: 16 za vitunda, zile kete ndogo za mstari wa mbele, na 4 za farasi. Nyeusi naye ana 20. Kila mmoja akishacheza mara moja tu, njia zimefika 400. Nyeupe akicheza tena zinakuwa 8,902, na Nyeusi akijibu zinafika 197,281. Hapo ni hatua mbili mbili tu, na mchezo haujaanza kuchangamka. Kompyuta ya Deep Blue, iliyomshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov 1997 kwa pointi 3.5 kwa 2.5, ilikuwa ikipitia mikao kama milioni 200 kwa sekunde moja. Sisi wengine hatuna njia hiyo. Lazima kuwe na namna nyingine, maana watu walikuwa wakicheza vizuri sana karne nyingi kabla ya kompyuta.

Namna hiyo ilichunguzwa na Adriaan de Groot, mwanasaikolojia wa Uholanzi. Aliwapa wachezaji wakubwa, akiwemo Alexander Alekhine, mkao mmoja wa ubao na kuwaomba wafikiri kwa sauti huku yeye akiandika. Matokeo yake, aliyoyatoa 1946, ndiyo yaliyonifanya nianze mradi huu. Wakubwa hawakuwa wakienda mbali sana kuliko wachezaji wazuri wa kawaida, wala hawakuwa wakipitia njia nyingi zaidi. Walikuwa wakiiona njia ya maana mapema, wakatumia muda wao humo. Kwa hiyo kazi yangu nimeigawa mara mbili: kuujua ubao mpaka uingie kichwani, na kujua njia ipi ya kufuata na ipi ya kuacha.

Machi: ubao kichwani

Mwezi huu sikucheza sana. Nilijifunza miraba 64.

Zoezi la kwanza ni rangi. Mtu anakutajia mraba kwa herufi ya safu na namba ya mstari, kuanzia a1 mpaka h8, nawe unasema mweusi au mweupe bila kutazama. Kuna kanuni rahisi ya kuanzia: geuza herufi iwe namba, a ni 1 mpaka h ni 8, kisha jumlisha na namba ya mstari. Jumla ikiwa shufwa, mraba ni mweusi; ikiwa witiri, ni mweupe. e4 ni 5 na 4, jumla 9, mweupe. f6 ni 6 na 6, jumla 12, mweusi. Nilifanya hivi kwenye daladala, kwenye foleni ya Mbagala ambako muda haukosekani. Baada ya wiki kadhaa hesabu ilianza kujifuta yenyewe: ukisikia f6 unaona weusi wake, kama unavyojua bila kufikiri kwamba duka la Mangi liko upande wa kulia wa barabara.

Zoezi la pili ni farasi. Farasi ndiye anayewavuruga wengi kwa sababu haendi moja kwa moja. Nilianza na kitu kimoja: kila akiruka anabadili rangi ya mraba. Akiwa juu ya mweusi, anatishia miraba myeupe peke yake. Ukilijua hilo tu, nusu ya miraba unayohofia inafutika. Kisha nikajipa safari. Farasi yuko pembeni kabisa, a1, nataka afike b2, mraba unaogusana naye kwa pembe. Inachukua hatua nne, si pungufu: c2, e3, d1, b2. Jaribu kuifanya macho yamefumbwa. Ukiweza, umeshaanza kuona ubao.

Askofu na ngome ni wepesi zaidi, lakini navyo vinahitaji mazoezi. Nikisikia "askofu c4" nataka nione papo hapo mshazari wake ukipita d5 na e6 mpaka kumgota kitunda wa f7, kitunda ambacho mwanzoni mwa mchezo hakilindwi na yeyote isipokuwa mfalme. Mshazari huo utarudi mwezi ujao.

Tovuti ya Lichess ina zoezi la kutafuta miraba kwa saa, bure. Nililitumia jioni. Linasaidia kasi, ila kuona unafundishwa zaidi na macho yaliyofumbwa kuliko skrini.

Aprili: cheki, kula, tishio

Sasa swali la njia ipi ya kufuata. Walimu wengi wa sataranji hutoa mpangilio uleule, na nimeufuata kama ulivyo: kabla ya kucheza, tazama cheki zote, yaani hatua zinazomtishia mfalme, kisha hatua zote za kula, kisha vitisho. Sababu yake ni nzuri. Mfalme akitiwa cheki, mwenzako hana uhuru. Mara nyingi ana majibu mawili au moja tu. Ukila kete, kwa kawaida naye lazima ale. Njia zenye majibu machache ndizo zinazoweza kufuatwa mbali bila kichwa kuchoka. Ukichagua hatua ya upole ambayo mwenzako anaweza kuijibu kwa namna 30, hata mbili mbele ni shida.

Mfano nilioukalia karibu mwezi mzima unatokana na Légal, mchezaji wa Paris wa karne ya 18 aliyemfundisha Philidor, mchezaji mkubwa wa karne hiyo. Nyeupe amesogeza kitunda e4, ametoa farasi f3 na c3, na askofu c4. Nyeusi ana vitunda e5, d6 na g6, na askofu wake yuko g4. Askofu huyo amembana farasi wa f3: farasi akiondoka, malkia aliye d1 yuko wazi kuliwa. Mtu wa kawaida anaiacha njia hii hapo hapo, maana inaonekana imefungwa.

Sasa fuata. Nyeupe anaondoa farasi na kula kitunda cha e5. Nyeusi anamla malkia. Watazamaji wanashika vichwa. Askofu wa c4 anakula f7, cheki. Simama hapa na uangalie mfalme wa Nyeusi aliye e8 ana miraba gani. Kumla askofu hawezi, farasi wa e5 anamlinda. d7 inalindwa na farasi huyo huyo. d8 ana malkia wake mwenyewe, f8 ana askofu wake mwenyewe. Umebaki mraba mmoja tu: e7. Anakwenda. Farasi wa pili anatoka c3 kwenda d5, chekimeti: mfalme anatishiwa na hana pa kukimbilia. Kete zake mwenyewe zimemzibia njia: malkia d8, askofu f8, kitunda d6. Zilizobaki zimefungwa na farasi wawili na askofu.

Hizo ni hatua tatu za Nyeupe, na mwisho wake unaonekana wazi kwa sababu jibu la pili halikuwa na chaguo. Lakini kazi haijaisha, na hapa ndipo niligundua uzito wa mradi wenyewe. Nyeusi halazimiki kumla malkia. Anaweza kumla farasi kwa kitunda cha d6. Basi malkia wa Nyeupe anamla askofu wa g4, ambaye sasa hana mlinzi, na Nyeupe amepata kitunda kimoja bure. Au askofu wa Nyeusi akimbie. Nyeupe bado ana kitunda cha ziada. Kila tawi lina mwisho wake, na lazima kila mwisho uwe mzuri kwako kabla hujaugusa ubao. Ile chekimeti ni tawi moja tu, tena linalotegemea tamaa ya mwenzako.

Kisha nikabadili kitu kimoja. Badala ya kitunda g6, Nyeusi awe ametoa farasi c6. Mkao mwingine wote ni ule ule. Nyeupe akila e5, farasi wa c6 anamla farasi huyo, na akisimama pale e5 anailinda g4. Malkia wa Nyeupe akimla askofu, naye analiwa. Nyeupe amepoteza farasi kwa kitunda. Nyeusi akimla malkia, chekimeti ipo vile vile; lakini hakuna aliyemlazimisha. Farasi mmoja, mraba mmoja, na njia nzima imegeuka kutoka ushindi mpaka hasara. Nimeandika hivi kwa herufi kubwa ukutani juu ya meza: JIBU LA KWANZA NDILO LA KUTAZAMWA ZAIDI. Watu wengi, wakiwa na njia tamu kichwani, wanaikagua hatua ya tatu na ya nne kwa makini na kuipita ya kwanza haraka. Tawi huanzia chini.

Mei: swali la Mzee

Jirani yangu, mzee aliyestaafu kazi ya hesabu, anacheza sataranji tangu ujana wake. Nilimwomba awe ananisikiliza nikifikiri kwa sauti, kama De Groot alivyowasikiliza wale. Anaweka mkao, mimi nasema ninachoona, yeye hajibu chochote mpaka nimalize.

Siku ya kwanza nilimweleza mpango mrefu, farasi huku, ngome kule. Akasubiri nimalize ndipo akasema: "Mwanangu, umeniambia wewe unakwenda wapi. Sasa niambie mimi nitakujibu nini."

Swali hilo limebadilisha namna ninavyofanya zoezi. Sasa kila hatua ninayoisema inafuatwa na sentensi inayoanza na "yeye anataka". Yeye anataka kumtoa malkia. Yeye anataka kufungua safu ya ngome. Mara nyingi kabla hata sijafika kwenye njia zangu nimeshaona kwamba hatua yake ya mwisho ilikuwa na tishio ambalo lazima lijibiwe kwanza. Inaonekana ni jambo dogo, lakini muda mwingi wa mchezo unaokolewa hapo: ukijua anachotaka, majibu 30 yanakuwa matatu.

Mzee pia ni mchezaji wa bao, na tulizungumza sana juu ya hili, maana wengi hapa tulilelewa barazani kwenye bao kabla ya kuiona sataranji. Bao la kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mchezaji mzuri hanyanyui kete mpaka ameshahesabu ya mwisho itaanguka wapi, kama italala kwenye shimo tupu au itakula, na zilizoliwa zitaanza kichwa kipi, na hizo nazo zitaishia wapi. Zamu moja inaweza kuzunguka na kuzunguka. Ukikutana naye kwenye mtaji, awamu ya pili ya bao, amekaa kimya, ujue anafuata mzunguko mrefu ambao hauna chaguo ndani yake. Ni hesabu tupu, na lazima iwe sahihi kete kwa kete. Kwenye sataranji zamu yenyewe ni nyepesi, kete moja inahama basi. Uzito uko kwenye jibu. Kwa hiyo aliyelelewa kwenye bao anakuja na zawadi kubwa, nayo ni subira ya kufuata jambo mpaka mwisho bila kuligusa kwa mkono. Anachohitaji kuongeza ni mazoea ya kusimama katikati na kuuliza yule mwingine angefanya nini. Mimi naamini vijana wa baraza wakipewa ubao wa sataranji mapema watakwenda mbali, na ningependa shule ziliangalie hilo kwa uzito.

Kitu kingine cha Mei: picha za kati. Nikifika hatua ya pili kichwani, picha inaanza kufifia. Kete iliyoliwa inarudi mahali pake bila ruhusa. Dawa yake ni kusimama kila baada ya hatua mbili na kuutaja mkao mzima kwa sauti, nyeupe kwanza, mfalme mpaka vitunda, kisha nyeusi. Inachosha. Inafanya kazi kuliko zoezi jingine lolote nililojaribu. Ukishautaja, unaanza upya kutoka pale kana kwamba ndio ubao ulioko mbele yako.

Wanasaikolojia Chase na Simon walionyesha 1973 kwa nini jambo hili linawezekana. Bingwa akionyeshwa mkao wa mchezo halisi kwa sekunde chache, anaurudisha karibu wote. Kete zikitupwa ovyo juu ya ubao, karibu uwezo huo wote unapotea. Haoni kete moja moja. Anaona mafungu anayoyajua: mfalme aliyejificha pembeni na ngome yake na vitunda vitatu mbele, farasi aliyebanwa na askofu, vitunda vilivyoshikana mshazari. Nilipoanza kuyataja mafungu badala ya kete, kuutaja mkao kukawa kwepesi.

Juni: wafalme wawili na vitunda viwili

Nilitaka mfano wenye kete chache ili nione kama naweza kufika mbali zaidi ya hatua tatu pale ambapo ubao uko mtupu. Nikachukua fumbo la Richard Réti la 1921. Réti huyu ndiye aliyecheza michezo 29 kwa wakati mmoja bila kutazama ubao, mjini São Paulo, 1925. Kwa hiyo alijua anachokifanya.

Nyeupe: mfalme h8, kitunda c6. Nyeusi: mfalme a6, kitunda h5. Nyeupe anaanza, na anatakiwa apate sare.

Kwa jicho la kwanza Nyeupe amekwisha. Kitunda cha h5 kina hatua nne tu kufika h1 na kuwa malkia. Kuna kanuni ya mraba ambayo inakuokoa usihesabu: chora mraba kutoka kwenye kitunda mpaka mstari wa mwisho, hapa ni h5, d5, d1, h1. Mfalme akiweza kuingia ndani ya mraba huo kwenye zamu yake, anakikamata. Mfalme wa h8 yuko nje, amechelewa hatua mbili. Na kitunda chake mwenyewe, c6, mfalme wa Nyeusi anakifikia kwa hatua mbili: b6, kisha anakila.

Jibu ni mshazari. Mfalme anakwenda g7. Nyeusi anasogeza h4. Mfalme anakwenda f6. Tazama amesimama wapi: ameshuka kuelekea kitunda cha Nyeusi, na wakati huo huo amesogea kuelekea kitunda chake. Mfalme akienda mshazari analipa hatua ile ile moja kwa pande zote mbili, na hicho ndicho kiini cha fumbo lote.

Sasa Nyeusi ana njia mbili. Akiharakisha, h3, basi mfalme wa Nyeupe anakwenda e7, Nyeusi h2, kitunda kinasogea c7, mfalme wa Nyeusi anakuja b7, mfalme wa Nyeupe d7, wote wawili wanapata malkia, sare. Akiamua kushughulika na kitunda kwanza, mfalme b6, basi mfalme wa Nyeupe anakwenda e5, bado juu ya mshazari. Nyeusi akikila kitunda cha c6, mfalme wa Nyeupe anaenda f4, na sasa yuko ndani ya mraba: h3, g3, h2, anakila h2. Wamebaki wafalme wawili peke yao. Asipokila na akasogeza h3, mfalme wa Nyeupe anakwenda d6, kitunda chake kinalindwa, kinapanda, na wote tena wanapata malkia.

Niliweza kulimaliza fumbo hili lote bila ubao, nikimsomea Mzee matawi yote matatu nikiwa nimempa mgongo. Hiyo ni zaidi ya hatua tatu. Alinyamaza kidogo kisha akaniambia nilisome tena kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Hilo pia ni zoezi la kweli: unaanza na picha ya sare, wafalme wawili, unarudi nyuma hatua moja moja ukiuliza ilikuwaje ikafika hapa. Ukiweza kwenda nyuma, njia ni yako.

Nililojifunza hapa ni kwamba urefu wa njia unategemea idadi ya maswali yaliyomo. Fumbo la Réti lina hatua nyingi lakini maswali mawili tu: Nyeusi anaharakisha au anarudi? Akirudi, anakula au hali? Mkao wenye kete 30 katikati ya mchezo unaweza kuwa na maswali kumi ndani ya hatua moja. Ndiyo maana nimeacha kujiuliza "naona hatua ngapi". Najiuliza maswali yako wapi.

Julai: hali ya mradi

Lengo limefikiwa kwa njia zenye cheki na kula. Nikipewa mkao ambao majibu yamelazimishwa, hatua tatu tatu nazitaja na picha ya mwisho nina uhakika nayo. Kwenye mafumbo ya Lichess ya kushinda kwa hatua tatu, sasa siweki hatua ya kwanza mpaka nimetaja ya mwisho, hata ikichukua dakika kumi.

Hatua za upole bado ngumu. Hizi ni zile zisizotia cheki wala kula, kama kumsogeza mfalme mraba mmoja kabla ya shambulio, au kuiweka ngome nyuma ya kitunda. Huko majibu hayalazimishwi, na kufuata kila tawi haiwezekani. Mzee anasema huko huhesabu. Unachagua mraba unaotaka kete yako ikae, kisha unakagua hatua mbili tu kuhakikisha hakuna cheki wala kula kitakachokuharibia. Naanza na hilo.

Saa nayo. Mazoezi yote haya nimeyafanya bila saa. Kwenye mchezo wa dakika 15 huna nafasi ya kuutaja mkao mzima kila baada ya hatua mbili, kwa hiyo lazima nijue ni lini pa kusimama na kufikiri sana. Kwa sasa nimejiwekea alama tatu: mwenzangu akiweza kutia cheki, kete mbili zikigongana, na kitunda kikivuka katikati ya ubao. Zikitokea, nasimama. Zisipotokea, nacheza kwa mazoea na kutunza muda.

Mpango wa Agosti na Septemba ni miisho ya ngome na kitunda dhidi ya ngome. Kete ni chache, njia ni ndefu, na hatua nyingi ni za upole, yaani ndipo pale pale ninapokwama. Mzee ameshaniandalia mikao sita kwenye daftari lake.